Mafua Yakikushika Wiki ya Mbio

Nakimbia nusu marathoni hapa Iten, na baridi ya alfajiri huniletea mafua karibu kila msimu. Ukiugua karibu na mbio, usiombe tu "dawa ya mafua". Geuza pakiti, usome yale maandishi madogo ya viambato. Ukiona pseudoefedrini, kiambato cha kuzibua pua, iache: siku ya mashindano, ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo, umevunja sheria ya dawa zilizokatazwa michezoni. Niliwahi kuuziwa vidonge hivyo nikiambiwa ni vya kawaida. Nilivirudisha siku ileile.

Mwambie muuzaji waziwazi kwamba wewe ni mwanariadha unayepimwa. Piga picha ya pakiti, umtumie daktari anayeifahamu orodha ya dawa zilizokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni. Orodha mpya huanza kutumika kila Januari 1. Dawa isipokuwa na mbadala, omba kibali cha matibabu kabla ya kuimeza. Na sindano ya "nguvu" ambayo huijui jina, kataa kabisa, hata ikiletwa na mwenzako mnayelala chumba kimoja. Kitakachokutwa mwilini mwako utakijibu wewe.

Kahawa kunywa. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Mimi hunywa kikombe kimoja, saa moja kabla ya kuanza.