SOMO: Jinsi ya kujitolea kwenye taasisi ya watoto wenye usonji (Dar na mikoani)

Habari zenu wakuu.

Kila ikikaribia tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, wengi huuliza wajitolee wapi. Ikifika Juni hawaonekani. Mtoto aliyekuzoea halafu ukapotea anaumia sana, kwa hiyo anza tu kama una saa mbili za Jumamosi, kila Jumamosi, kwa miezi isiyopungua sita.

1. Tafuta mahali. Dar kuna Lukiza Autism Foundation, wale wa mbio za Run4Autism. Mikoani, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, muulize ni shule ipi ya msingi yenye kitengo cha usonji. Walimu wa huko wanahitaji msaada mno.

2. Makaratasi. Andaa kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini, na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Taasisi ikikuachia watoto bila kukuuliza lolote, ondoka.

3. Siku ya kwanza, kaa chini. Namaanisha chini, mkekani, pembeni ya mtoto na si mbele yake. Usimlazimishe akutazame machoni wala akupe mkono. Akipanga vifuniko vya soda kwa mstari, nawe panga vyako kimya kimya. Akipunga mikono au kujiyumbisha, mwache, ndivyo anavyojituliza. Ongea kwa maneno machache: "Viatu. Kisha nje." Ukimuuliza, subiri. Hesabu kumi moyoni kabla ya kurudia swali, kwa sababu wengi wana jibu, ila linachelewa kutoka. Kama kuna ratiba ya picha ukutani (kunawa, uji, kuchora, nyumbani), ifuate kama ilivyo. Ukitaka kubadilisha kitu, mwonyeshe picha mapema.

Akilemewa, pengine kwa honi ya bodaboda au harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, atapiga kelele, ataziba masikio, atajigonga. Hiyo si jeuri. Punguza sauti, ondoa watu, zuia asiumie, usimshike bila sababu.

4. Mlango na maji. Watoto wengi wenye usonji hutoka bila kuaga, na maji huwavuta. Pwani yetu ina bahari, mitaro na visima visivyofunikwa. Kabla ya michezo hakikisha geti limefungwa, na ajulikane nani anamwangalia nani. Mtoto akikosekana, anzeni kutafuta kwenye maji.

5. Msaidie mama. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kuna mama hajaenda msibani wala kusuka nywele tangu mtoto aanze kutembea, na mumewe alishaondoka. Ukikaa na mtoto ili naye alale mchana, umefanya jambo kubwa. Usimpelekee ushauri ambao hakuuomba.

6. Picha. Usipige bila idhini ya mzazi, na usiweke status mtoto akiwa analia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi ni fundi umeme, sijasomea ualimu. Nitafaa?
Jibu: Sana. Taa zinazopepesa na feni zinazolia huwasumbua hawa watoto kupita kiasi. Anza na hizo, huku wanakuzoea.

Swali: Jirani yangu anaamini chanjo ya surua ndiyo ilimpa mwanawe usonji. Nimwambieje?
Jibu: Dada, kwanza msikilize, maana anatafuta sababu. Kisha mwambie maneno hayo yalienea kutokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1998. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, naye akafutiwa usajili wa udaktari mwaka huo huo. Mwambie pia hakulogwa, wala si kosa lake.

Swali: Wanalipa nauli?
Jibu: Baadhi hulipa, uliza kabla ya kuanza. Kama hailipwi na huna uwezo, chagua kituo cha karibu unachoweza kufika kwa miguu, ili usianze kukosa Jumamosi.

Swali: Mtoto wa kituoni ameningʼata mkono. Nirudi?
Jibu: Pole sana, kaka. Osha jeraha kwa sabuni, upite zahanati. Halafu keti na mwalimu, mtafute kilichotangulia: njaa, kelele, au kunyang'anywa kitu. Jumamosi nenda kama kawaida, salamu ile ile, mahali pale pale.