Wimbi la joto ughaibuni: usiangalie mchana peke yake

Ndugu yangu uliyeko ughaibuni, utabiri ukitangaza wimbi la joto, usiishie kwenye nyuzi za mchana. Angalia pia nyuzi za usiku na kasi ya upepo, maana hizo ndizo zitakazokuambia kama chumbani kwako kutalalika.

Chanzo kiko juu angani. Mara nyingi wimbi la joto huletwa na mgandamizo mkubwa wa hewa uliokwama mahali pamoja kwa siku kadhaa. Hewa hushuka kutoka juu, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyobanwa na kupata moto: karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Mawingu hayajengeki, jua hupiga kutwa, upepo hulala. Mgandamizo wa namna hiyo ndio uliofikisha mji mdogo wa Lytton, Kanada, kwenye nyuzi 49.6 tarehe 29 Juni 2021.

Sasa weka jiji chini ya hali hiyo. Lami, zege na matofali hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Siku za upepo joto hilo hupeperushwa. Hewa ikitulia linabaki palepale mitaani. Ndiyo maana tofauti ya joto kati ya mjini na mashambani huwa kubwa zaidi usiku, anga likiwa jeupe na hewa imetulia. Kesho yake kuta huanza siku zikiwa tayari na moto, kwa hiyo mimi huiogopa siku ya tatu au ya nne kuliko ya kwanza. Chicago, Julai 1995, watu zaidi ya 700 walikufa katika siku chache za joto lenye unyevunyevu mwingi. Ufaransa, Agosti 2003, walikufa karibu 15,000, wengi wao wazee, na waliokaa vyumba vya juu kabisa chini ya paa walikuwa hatarini zaidi.

Upepo nao si rafiki kila mara. Ulaya, kuna nyakati hewa ya moto husukumwa moja kwa moja kutoka Sahara, na hapo kufungua dirisha mchana ni kuukaribisha moto ndani. Weka kipimajoto chumbani. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga madirisha na uteremshe mapazia kabla jua halijafika upande wako. Usiku nje kukipoa kuliko ndani, fungua pande zote mbili hewa ipite. Ukiwa ghorofa ya juu, omba kulala kwa jamaa aliye chini. Feni husaidia, lakini hewa ikivuka nyuzi 40 inaweza kukuongezea joto; lowesha ngozi, au nenda ukakae saa kadhaa kwenye jengo lenye kiyoyozi.

Tafadhali usijiambie kwamba wewe umezaliwa kwenye joto. Mwili ukikaa kwenye baridi, uzoefu huo hupotea ndani ya wiki chache tu. Mpigie simu mzee au mgonjwa anayeishi peke yake, asubuhi na jioni. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au mwili ukawa wa moto na fahamu zinampotea, piga 112 ukiwa nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani au Kanada, kisha mmwagie maji na umpepee mpaka wafike.