Kulinda kinamasi cha kijiji: kuanzia daftari la vipimo hadi sheria ndogo

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa kijiji, mjumbe wa kamati ya mazingira au afisa wa kata mwenye kinamasi kinachokauka na watu wanaokitegemea. Nimeutumia utaratibu huu nyanda za juu kusini, Iringa na Njombe, ambako kinamasi maana yake ni vinyungu: bustani za mabondeni zinazolisha familia kiangazi, wakati mashamba ya mlimani ni vumbi tupu. Ukianza kwa kusimika bango la "Marufuku kulima hapa", utalikuta limeng'olewa. Anza na daftari.

Hatua ya 1: Tafuta mpaka halisi

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hizo mita 60 kila mtu anazijua. Tabu ni kwamba kinamasi hakina ukingo: masika maji yanatanuka, kiangazi yanarudi katikati. Ukipima kutoka kwenye mkondo tu, unaweza kuacha nusu ya kinamasi nje, au ukameza shamba kavu la mtu ambaye kesho yuko baraza la ardhi.

Kwa hiyo chukua jembe, kamba na vigingi. Anzia kwenye mteremko mkavu, shuka kuelekea katikati, na kila hatua kumi chimba shimo la kina cha mkono mmoja. Angalia mambo matatu: maji yako wapi, mimea gani imeota, na udongo una rangi gani. Mafunjo na matete vinajieleza. Lakini mimea inafyekwa na maji yanahama. Udongo ndio shahidi asiyehongeka. Juu utakuta wekundu au kahawia. Ukifika panapojaa maji miezi mingi, udongo unageuka kijivu, na ndani yake kuna michirizi ya rangi ya kutu kando ya vijia vya mizizi. Chuma kilichomo udongoni kikikosa hewa huyeyuka na kupoteza wekundu wake. Pale mzizi unapopitisha hewa, kinashika kutu tena. Michirizi hiyo ikionekana karibu na uso wa ardhi, upo ndani ya kinamasi hata kama ni Oktoba na unatembea kwa viatu vikavu.

Piga kigingi pale rangi inapobadilika, kisha rudia mita hamsini pembeni. Wenye vinyungu na wazee wawepo, na kila mmoja ashike udongo kwa mkono wake. Mtu aliyeona kutu kwa macho yake habishani na kigingi kirahisi. Soma GPS ya simu kwenye kila kigingi na uandike.

Hatua ya 2: Pima maji

Chagua mahali maji yanapotokea kinamasini, mkondo ulionyooka mita 10. Pima upana, pima kina sehemu tano na utafute wastani. Dondosha chungwa juu, hesabu sekunde mpaka lifike chini. Chungwa ni bora kuliko kijiti kwa sababu linazama karibu lote, upepo hauliyumbishi. Rudia mara tatu.

Mfano: upana mita 1.2, kina cha wastani mita 0.15, chungwa limetumia sekunde 40. Kasi ni mita 0.25 kwa sekunde; zidisha kwa 0.8 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unapata 0.2. Zidisha na eneo la mkondo, yaani upana mara kina, 0.18. Jibu ni mita za ujazo 0.036, yaani lita 36 kwa sekunde. Kijito kikiwa kidogo mno, ndoo ya lita 20 na saa vinatosha.

Fanya hivyo kila wiki, siku ileile, na andika mvua pembeni. Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi anaweza kulibeba hili vizuri kuliko kamati nzima.

Hatua ya 3: Jua kinachokausha

Usikimbilie kumlaumu mwenye jembe. Angalia kwanza mifereji. Mfereji wa kina cha mita moja katikati ya kinamasi unakausha kuliko matuta ya mboga ya familia nyingi, maana unashusha maji ya chini ya ardhi pande zote mbili. Kisha angalia mikaratusi iliyopandwa kandokando, halafu matoleo ya maji huko juu, yaani sehemu maji yanapochepushwa kutoka mtoni.

Ihefu, kinamasi kikubwa cha bonde la Usangu, ni somo la wazi. Mto Ruaha Mkuu, unaopata maji yake hapo, ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Wafugaji waliondolewa mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Maji ya Ihefu hutoka kwa kupita juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya mwamba, hakitoki kitu, na kina hicho kinategemea sana maji ya kiangazi yanayochepushwa juu kwenye mashamba ya mpunga. Kuhamisha watu hakuzibi mfereji.

Hatua ya 4: Gaweni eneo

Kanda tatu zinatosha. Chemchemi na kiini: halimwi, halilishwi. Katikati: kukata matete kwa zamu, mizinga ya nyuki. Ukingoni, juu ya vigingi: vinyungu vya matuta, bila mifereji mirefu. Mikaratusi iondoke kwa awamu na mivengi, miti ya asili ya mabondeni, ipandwe. Mwenye kinyungu kilichoangukia kwenye kiini atafutiwe kipande kingine kabla ya kumwambia atoke.

Hatua ya 5: Sheria ndogo

Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mpelekee mwanasheria wa halmashauri rasimu mapema. Nyingi hukwamia kwenye muhtasari wa mkutano: hauna orodha ya mahudhurio yenye saini, au ramani haijaambatishwa. Taja vigingi kwa namba. "Eneo la chanzo cha maji" bila mpaka ni maneno ambayo wakili yeyote atayachana.

Nakala ipelekwe bodi ya maji ya bonde lenu. Watumiaji wa juu na wa chini wakiwa vijiji tofauti, undeni jumuiya ya watumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria ndogo ya kijiji kimoja haimfikii mwenye toleo la kijiji cha juu.

Hatua ya 6: Endelea kupima

Linganisha Oktoba na Oktoba, si Oktoba na Aprili. Maji yakipungua mwaka ambao mvua ilikuwa nzuri, pandeni juu mkague matoleo na mifereji mipya wiki hiyohiyo, na daftari mwende nalo.