Namna ya kujenga kazi ya kulipwa katika raga ya wachezaji 13

Kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayetamani kuishi kwa raga kwa kawaida huwaza raga ya wachezaji 15 au ya wachezaji saba, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta shuleni na klabuni. Upo mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Raga ya wachezaji 13 ilizaliwa kaskazini mwa Uingereza tarehe 29 Agosti 1895, viongozi wa vilabu walipokutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitenga na chama kilichokataza wachezaji, ambao wengi wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani, kufidiwa ujira walioukosa kwa kwenda kucheza. Leo ajira za uhakika ziko hasa katika ligi mbili: NRL ya Australia, ambayo ina klabu moja kutoka New Zealand, na Super League ya Uingereza, ambayo ina pia klabu za Ufaransa, kama Catalans Dragons ya Perpignan. Katika madaraja ya chini ya Uingereza, wachezaji wengi hufanya kazi nyingine mchana na mazoezi jioni.

Hatua ya kwanza ni kujifunza mchezo upya, hata kama umecheza raga ya 15 kwa miaka mingi. Timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa mara sita. Ikikabwa mara ya sita bila kupata trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, wala kuupiga mpira mbele kwa mguu, wapinzani huuchukua papo hapo. Hakuna kugombania mpira chini baada ya mtu kuangushwa, na walinzi hurudi mita 10 kabla ya kukimbilia mbele tena. Mwendo huo wa kurudi na kukimbia, kukaba na kuinuka, ndio unaowashinda wageni wengi, kwani si ajabu mchezaji wa katikati kukaba mara 40 katika mechi moja ya dakika 80.

Ningemshauri mwanafunzi atumie muda mrefu zaidi katika tendo moja linaloonekana dogo: kuurudisha mpira mchezoni baada ya kukabwa. Aliyekabwa husimama, huwaelekea wapinzani, huuweka mpira chini mbele ya mguu wake, kisha huusukuma nyuma kwa wayo ili mwenzake auchukue. Siri iko katika namna ya kuanguka. Ukitua kwa viwiko na magoti, kifua kikielekea chini, utainuka mara moja na kuwakuta walinzi bado wanarudi nyuma. Ukigeuzwa chali, mkabaji anayejua kazi yake atakulalia sekunde mbili tatu, na safu yao yote itakuwa imejipanga. Lifanyie mazoezi tendo hili ukiwa umechoka, mwishoni mwa mbio, wala si mwanzoni.

Nafasi ya winga ndiyo inayompokea mgeni kwa urahisi zaidi. Martin Offiah alitoka raga ya 15 akajiunga na klabu ya Widnes ya Uingereza mwaka 1987, akawa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa trai katika historia ya mchezo huu. Mkenya Lucas Onyango naye alichezea Widnes na Oldham akiwa winga. Hata hivyo mbio peke yake hazitoshi siku hizi, maana winga ndiye anayedaka mipira ya juu chini ya shinikizo na kuubeba mpira kutoka karibu na mstari wa goli wa timu yake. Wala ufupi wa kimo usikukatishe tamaa: Rob Burrow, mwenye urefu wa sentimita 165 hivi, aliichezea Leeds Rhinos maisha yake yote ya kulipwa na kutwaa ubingwa wa Super League mara nane.

Watoto wa Uingereza na Australia huingia kupitia timu za mitaa na akademi za vilabu. Mtu mzima anayetoka nje huanza kwa video za mechi nzima, si vipande vya trai pekee, kwa sababu kocha anataka kuona unafanya nini usipokuwa na mpira. Anayekwenda Uingereza kwa viza ya mwanamichezo anahitaji pia idhini ya chama cha mchezo huo nchini humo. Kwa hiyo wakala anayedai fedha kabla klabu haijazungumza nawe moja kwa moja aepukwe.

Mkataba usomwe na mwanasheria. Ligi zote mbili zina kikomo cha mishahara kwa kikosi kizima, takriban pauni milioni 2.1 katika Super League na zaidi ya dola milioni 11 za Australia katika NRL, na wachezaji wachache mashuhuri huchukua sehemu kubwa ya fedha hizo. Uliza nani atalipia upasuaji, mshahara utaendelea kwa muda gani ukiwa majeruhi, na nini kitatokea klabu ikishushwa daraja.

Kuhusu kichwa, nasema kwa msisitizo wote: ukigongwa ukaona kizunguzungu, mwambie daktari wa timu ukweli hata kama ni fainali. Wachezaji wastaafu wa Uingereza wamefungua mashauri mahakamani kwa sababu ya madhara ya ubongo, na wengine wao hawajafika hata uzee.

Wengi huacha kucheza kabla au muda mfupi baada ya kutimiza miaka 35. Anza kozi au ufundi katika msimu wako wa kwanza, ukiutumia muda wa alasiri ambao mazoezi yamekwisha. Taasisi ya hisani ya Rugby League Cares huwasaidia wachezaji wa Uingereza katika masomo na katika kujiandaa kwa kazi nyingine, na maombi hayo yafanywe ungali na mkataba mkononi.