Chumvi, Sukari na Penseli: Jinsi ya Kuzijua Bondi za Ayoni na za Kovalenti

Vijana wanaokuja kwangu kwa masomo ya ziada baada ya Magharibi, hapa Majengo, wengi ni wa kidato cha pili, na karibu kila daftari lina sentensi ile ile iliyopigiwa mstari: "Ayoni ni kupeana elektroni, kovalenti ni kushirikiana." Si uongo: bondi ni kile kinachoshika atomu pamoja, elektroni ni chembe za atomu zenye chaji hasi, na ayoni ni atomu au kundi la atomu lenye chaji. Lakini muulize aliyeiandika kwa nini maji ya chumvi yanapitisha umeme na ya sukari hayapitishi, utamwona anaangalia feni. Ndiyo maana mimi siwapi kalamu kwanza. Tunaanza na glasi.

Tafuta betri ya volti 9, taa ya LED uliyoichomoa kwenye tochi mbovu, vipande vitatu vya waya na penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili. Waya wa kwanza utoke upande chanya wa betri uende kwenye mguu mrefu wa taa. Wa pili utoke mguu mfupi uende penseli ya kwanza. Wa tatu utoke penseli ya pili urudi upande hasi wa betri. Ukigeuza miguu ya taa haitawaka hata ufanyeje. Ncha za chini za penseli zichovye majini bila kugusana, maana zikigusana taa inaungua. Umeme wa ukutani usiusogelee kabisa.

Sasa maji. Hapa Mombasa ndipo jaribio linapoharibika, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yana chumvi tayari. Unachovya penseli na taa inawaka kabla hujatia chochote. Kinga maji ya mvua, au nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale yaliyotoneshwa, si asidi. Jaribu maji matupu kwanza. Taa ikikaa kimya, gawanya glasi mbili: moja tia kijiko cha sukari, nyingine kijiko cha chumvi, koroga.

Kwenye sukari, kimya. Kwenye chumvi taa inawaka, na ukiinamia glasi utaona viputo vidogo vikitambaa kwenye ile nyeusi ya penseli. Upande mmoja utasikia harufu kama ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hiyo ni klorini, nayo si ya kuchezea: fungua dirisha, usiweke pua karibu, na baada ya sekunde chache toa penseli.

Haya, sasa kalamu.

Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa kwa matabaka kutoka ndani kwenda nje: 2, 8, 1. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Sodiamu ikiachia ile moja ya nje inabaki na protoni 11, zile chembe za chaji chanya, na elektroni 10, kwa hivyo chaji yake ni +1. Klorini ikiipokea inakuwa na −1. Vitabu husema sodiamu "inataka" kuitoa ili itulie. Mimi maneno hayo siyapendi. Atomu haina matamanio, na hesabu yenyewe inayakataa. Kuing'oa elektroni hiyo kwenye sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli, yaani kipimo cha wingi wa atomu. Klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Mpaka hapo tuko hasara, kilojuli 147. Kinacholipa deni ni hatua inayofuata: ayoni chanya na hasi zinavutana na kujipanga kuwa fuwele, na hapo zinatoka kilojuli 787 hivi. Basi bondi ya ayoni si kule kupeana. Ni mvutano unaokuja baada ya kupeana.

Ndani ya fuwele kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, hivyo hivyo pande zote. Hakuna sodiamu yenye klorini yake peke yake, kwa hiyo usiandike "molekuli ya chumvi" kwenye mtihani. NaCl ni uwiano tu, moja kwa moja. Na kwa kuwa mvutano huo uko kila upande, chumvi haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 801. Jiko lako la makaa halitaiyeyusha. Ikiwa kwenye kikaango kikavu itaalika-alika basi. Chumvi kavu pia haitawasha taa, maana ayoni zimebanwa mahali pamoja. Maji ndiyo yanayozipa nafasi ya kutembea.

Kuandika fomula za namna hii, tazama chaji tu, jumla iwe sifuri. Magnesiamu inatoa mbili, klorini inapokea moja: MgCl₂. Alumini inatoa tatu, oksijeni inapokea mbili: Al₂O₃. Kuchora, weka mabano ya mraba na chaji juu kulia. Mabano yakisahaulika, alama zinakwenda.

Kovalenti ni pale atomu zote mbili zinapong'ang'ania elektroni zao, na kwa kawaida zote si metali. Hakuna anayeachia, basi jozi ya elektroni inakaa kati yao na viini vyote viwili vinaivuta. Mwanakemia Mmarekani Gilbert Lewis ndiye aliyeieleza hivi mwaka 1916, na nukta zake ndizo tunazochora mpaka leo. Chukua maji: oksijeni ina 6 za nje, haidrojeni mbili zina moja moja, jumla 8. Weka oksijeni katikati, chora jozi moja kwa kila haidrojeni, umetumia 4. Nne zilizobaki ni jozi mbili zinazokaa juu ya oksijeni bila mshirika. Hizo ndizo watu wanazoziacha. Kwenye kaboni dayoksaidi, jozi moja moja hazitoshi kumfikisha kila mmoja elektroni nane za nje, ndiyo maana kaboni inashika jozi mbili kila upande. Naitrojeni kwa naitrojeni ni jozi tatu.

Sukari yote ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Ikiingia majini molekuli zinaachana, lakini kila moja inabaki nzima, haina chaji, na taa haina cha kuiwasha. Wapika kashata wanajua sukari inalegea upesi motoni, karibu nyuzi 186. Kinachoachia kwanza ni mvutano kati ya molekuli na molekuli, ambao ni hafifu. Ikigeuka kahawia, hapo bondi zenyewe zinavunjika.

Sasa usije ukaifanya taa kuwa hakimu wa mwisho. Kamua ndimu kwenye maji safi na taa itawaka kidogo, ingawa asidi ya ndimu ni molekuli ya kovalenti. Maji yanaipasua baadhi yake ikawa ayoni. Na zile penseli zako? Ni grafiti, kaboni tupu, kovalenti mwanzo mwisho, na umeme unapita. Kila kaboni imeshikana na tatu tu, na elektroni ya nne inazurura.

Tena mpaka kati ya hizi mbili si ukuta. Mwanakemia Linus Pauling aliupima uvutaji wa elektroni kwa namba: sodiamu 0.93, haidrojeni 2.20, klorini 3.16, oksijeni 3.44. Tofauti ya sodiamu na klorini ni 2.23, ayoni bila shaka. Ya haidrojeni na oksijeni ni 1.24, kovalenti, ila jozi imeegemea upande wa oksijeni.

Ukielewa hapo, nenda kwenye zile zenye bondi zote mbili. Jiwe la matumbawe, hilo lililojengewa Fort Jesus kuanzia 1593, ni kalsiamu kaboneti: ndani ya kaboneti, CO₃, kaboni na oksijeni zimeshikana kwa kovalenti, kati ya kaboneti hiyo na kalsiamu ni ayoni. Chora mabano kuzunguka kaboneti nzima, andika 2− juu, kisha kalsiamu pembeni na 2+ yake. Halafu jaribu amoniamu kloraidi, NH₄Cl, peke yako: haina metali hata moja, na kwenye glasi taa inawaka.