Kudumu wodi ya saratani bila kukauka moyo

Wauguzi wapya wakiletwa wodini kwetu, hakosekani mkongwe wa kuwanong'oneza kando ya toroli la dawa: "Hawa usiwazoee, utaumia." Anasema kwa nia njema, lakini ushauri huo umeharibu watu. Nimeuguza wagonjwa wa saratani hapa Nairobi miaka mingi, wodini na kwenye kliniki ya kemo (dawa kali za saratani), na wenzangu niliowaona wakikauka ni wa aina mbili: walioacha kuwaangalia wagonjwa usoni, na waliobeba maumivu ya kila mtu hadi nyumbani Rongai. Wote walianza kazi wakiwa na huruma tele. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha huruma inafanywaje.

Jipime kwanza

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu wa kukauka moyo kazini (burnout) kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likasema wazi kuwa wenyewe si ugonjwa: unatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Lilitaja dalili tatu. Nguvu zimeisha; moyo umejitenga na kazi au umeidharau; unaona unachofanya hakina faida. Kwa lugha ya wodi, ya kwanza ni kuamka umechoka siku ya ofu. Ya pili, Mama fulani amegeuka "kitanda cha saba" au "yule wa shingo ya kizazi". Ya tatu ni kujiuliza kubadilisha shuka kuna haja gani.

Ya kwanza ikiwa peke yake, huenda ni usingizi tu. Lala. Ninayoiogopa ni ya pili, maana haiumi hata kidogo. Anayeipata hujiona amekomaa.

Kaa karibu, mkono ukiwa na kazi

Tania Singer, mtafiti wa ubongo kutoka Ujerumani, na wenzake walifunza watu kuhisi maumivu ya wengine kana kwamba ni yao, wakazidi kuumia. Walipowafunza kumtakia anayeumia heri na kutaka kumsaidia, hali yao ikawa nafuu, na hata sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa nyingine. Mimi sina mashine ya kupiga picha za ubongo, ila nimeliona hilo kwenye mishipa.

Mama aliyepitia kemo kwa miezi, mishipa yake imekakamaa. Akikuona na kanula, kisindano cha kuingiza dawa mshipani, anatetemeka kabla hujamgusa. Ukianza kuwaza "ningekuwa mimi ningelia", mkono wako nao utatetemeka. Fanya hivi. Jaza glavu maji ya vuguvugu, ifunge, ijaribu kwanza kwenye ngozi yako. Vuta kiti uketi. Muulize mkono gani umekuwa ukikubali. Kama alifanyiwa upasuaji wa titi na tezi za kwapa zikatolewa, upande huo uache. Mkono wake uning'inie chini kidogo, iweke glavu juu ya mshipa, ngoja dakika chache. Dakika hizo ndizo za kuongea. Ametoka wapi, nani amebaki na watoto, jana alikula nini kikakaa tumboni.

Akisema, "Daktari, naogopa," usimwambie asiogope. (Mimi ni mwanamume, kwa hiyo kila mgonjwa huniita daktari. Wewe wasahihishe ukitaka, mimi nilishaacha.) Mwambie: "Najua sindano zimekuchosha, mama. Nitajaribu mara mbili tu. Nikikosa, nitamwita mwenzangu mwenye mkono mwepesi kuliko wangu." Kisha ukikosa mara mbili, mwite kweli. Ahadi ndogo inayotimizwa inampumzisha mgonjwa, nawe inakupumzisha.

Kwa maumivu ni vivyo hivyo. Usiku mmoja wa mgonjwa anayelia utakumaliza kuliko wiki nzima ya dripu. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hutolewa kwa saa zilizopangwa, kama ilivyoandikwa, haingoji mgonjwa alie. Na dawa ya kulainisha choo iambatane nayo. Ukiona dozi haitoshi, mpigie daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku na atanuna. Ukipata nafasi ya kozi ya huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, usiiache. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990, imewafundisha wauguzi wengi kazi hii.

Ukiulizwa "nitapona?"

Usikimbilie kuitikia ndiyo, wala usijifiche nyuma ya "muulize daktari". Anza na swali: "Daktari amekueleza nini mpaka sasa?" Halafu: "Leo kinachokusumbua zaidi ni kipi?" Mara nyingi jibu ni karo, au shamba ambalo halijaandikwa jina la mtu.

Kigumu zaidi ni familia. Mtoto wa kwanza atakuvuta kwenye korido: "Tafadhali, mzee asijue ni saratani, atakufa na presha." Mzee naye analazwa wodi ambayo mlango wake umeandikwa saratani kwa herufi kubwa. Kudanganya kila zamu kunachosha kuliko kuinua wagonjwa. Sema mapema, kwa heshima: "Sitamwambia mzee jambo ambalo hajaniuliza. Akiniuliza, sitamdanganya." Kisha mwombe daktari aitishe kikao na familia, nawe uwepo.

Hasira iandikwe

Kuna uchungu usiotokana na huruma hata kidogo. Mgonjwa amesafiri usiku kutoka Kitui, damu inapimwa, chembe nyeupe ziko chini, na wewe ndiwe unayemwambia kemo haitawezekana leo. Au damu iko sawa lakini bima haijaidhinisha. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliipa Kenya zaidi ya wagonjwa wapya 42,000 wa saratani kwa mwaka, na sehemu kubwa ya wanaohitaji matibabu mazito hutumwa Nairobi. Foleni hiyo haiwezi kupunguzwa na moyo wako mwema. Andika kwenye kitabu cha wodi: tarehe, wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, dawa gani ilikosekana, nani alijulishwa. Inchaji, muuguzi anayesimamia wodi, akienda kikaoni na kurasa hizo ana la kusema. Akienda na malalamiko ya mdomo atapewa pole.

Na nikiwa hapo hapo: mtu anayefanya lokamu (zamu za ziada za kulipwa) kila siku ya ofu asitafute siri ya uchovu wake mbali. Najua kwa nini anafanya, karo nami nalipa. Ila hakuna zoezi la kupumua litakalochukua nafasi ya siku ya kulala. Chagua angalau siku moja kwa wiki isiyouzwa.

Mipaka ya simu na mfuko

Usitoe namba yako. Toa ya wodi. Ukiitoa, mgonjwa akifariki utaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la matanga, na kila jioni utasoma orodha ya waliochanga. Ikishatokea, andika rambirambi za dhati, tuma chochote kama una uwezo, kisha ujitoe. Hakuna atakayekulaumu, na akikulaumu hatakuona tena. Mazishi nenda machache, yale ambayo usipoenda yatakukosesha usingizi.

Nauli za wagonjwa zitakumaliza pia. Mimi nimetenga kiasi fulani kwa mwezi. Kikiisha namwelekeza mtu kwa afisa wa ustawi wa jamii bila kujieleza sana.

Mgonjwa akifia mikononi mwako, kabla hujaanza kumwosha, simama kando ya kitanda na mwenzako. Litajeni jina lake, nyamazeni kidogo, ndipo mwendelee. Hata usiku wa wauguzi wawili dakika hiyo hupatikana. Wakati wa kukabidhiana zamu mseme aliyekufa ni nani, msiseme tu kitanda kiko wazi.

Ikiwa imeshapita kiasi

Ukianza kunywa ili ulale, kulia kwenye matatu bila kujua sababu, au kuona afadhali usiamke, hilo limevuka uchovu. Muone mshauri nasaha au daktari wa akili, na kama unaogopa umbea wa kwenu, nenda hospitali nyingine. Kuomba kuhamishwa kwa muda nako hakuna aibu. Wapo waliokwenda wodi ya wazazi wakarudi baadaye wakiwa na nguvu. Barua mwandikie inchaji, nakala kwa mkuu wa wauguzi. Taja wodi unayopendelea na tarehe unayoomba. Usijieleze kurasa tatu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, uiweke nyumbani.