Chango lisilokwisha: kupunguza makali ya endometriosisi

Msichana akijikunja kila mwezi, akatapika, akakosa skuli, nyumbani huambiwa ni chango: akiolewa akazaa, litakwisha. Kuzaa si dawa. Huenda ni endometriosisi, yaani utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi umeota nje yake, kwenye ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke), nyuma ya mfuko, hata kwenye utumbo au kibofu. Humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Dawa ya kuimaliza kabisa haipo, lakini maumivu hushuka yakishughulikiwa kwa mpango.

Anza na daftari, miezi 3. Usiandike "tumbo linauma" tu. Andika hivi: "Siku ya 1, saa 9 usiku, maumivu 8 kati ya 10, kiunoni na kwenye njia ya haja kubwa. Nimetapika mara 2. Pedi 6." Maumivu ya tendo la ndoa na ya kwenda haja nayo yaandikwe, japo yanaonewa haya, kwa sababu ndiyo yanayomwonesha daktari pa kutazama.

Dawa ya maumivu watu wengi huimeza wakiwa wamechelewa. Ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazobana mfuko wa uzazi. Zikishajaa, kidonge hakifui dafu. Kwa mtu mzima, meza miligramu 400 mara dalili zinapoanza, baada ya chakula, kisha kila baada ya saa 8, siku 2 au 3. Usizidishe miligramu 1,200 kwa siku bila daktari, na usichanganye na diklofenaki, dawa nyengine ya maumivu ya kundi hili hili. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi au mimba asiiguse kabla ya kuuliza.

Ramadhani huleta tatizo lake. Mwenye hedhi hafungi, lakini wengi huona haya kuonekana wakila, wakameza dawa juu ya tumbo tupu na kuliunguza. Weka chumbani uji kwenye chupa ya chai na kipande cha mkate. Hilo si kosa, na mama wa nyumba alijue.

Joto nalo husaidia sana. Tia maji ya moto yasiyochemka kwenye chupa ya mpira, ifunge kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, iweke chini ya kitovu au kiunoni dakika 15 hadi 20. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani hunywea na kuvuja, ikakuunguza. Kukandwa tumbo kwa nguvu tunakukataza: penye uvimbe kwenye ovari, uvimbe unaweza kupasuka.

Ukitokwa na damu nyingi, kula dagaa, ini na kunde, ukamulie ndimu. Chai iache kwa saa moja kabla na baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma.

Kwa wanaolima mwani, bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, hujulikana mapema. Siku zako zikiangukia bamvu, kupanda majini kwa kuinama waachie wenzako, wewe ufunge mbegu kwenye kamba kivulini, ukinyanyuka kila nusu saa. Bamvu jengine mtabadilishana.

Usiyetafuta mimba kwa sasa, uliza dawa za homoni: vidonge, sindano au kijiti. Matone ya damu ya miezi ya mwanzo huwafanya wengi waache. Vumilia angalau miezi 3. Ukitaka mtoto karibuni, sindano si chaguo zuri, kwani uzazi huweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi baada ya kuiacha.

Ukizimia, ukipata homa pamoja na maumivu, ukijaza pedi kila saa kwa saa 2, au maumivu makali yakikujia hedhi ikiwa imechelewa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hili la mwisho huenda ni mimba iliyotunga nje ya mfuko.

Kwa mengine, lipeleke daftari kwa daktari wa wanawake, Mnazi Mmoja kwa walio Unguja au Abdalla Mzee, Mkoani, kwa walio Pemba. Ultrasaundi ikitoka safi usikate tamaa: utando mwembamba hauonekani humo. Muulize: "Tunaweza kuanza matibabu kwa dalili hizi, bila kusubiri upasuaji?"